Hatamu Ndogo Nyekundu

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu za leseni, watu huwa wengi kuliko hewa. Duka la nakala lililotazamana na ofisi za serikali lilijaa hadi kizingitini, mashine ikiunguruma na kila mkono umeinua karatasi. Nyuma ya kaunta alikaa mchapaji, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, blauzi yake ya njano imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Wateja walimwita Bi Nakala. Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa kwao, na watu wa kwao hawakuwa wapigaji simu.

Harufu ilitangulia, mwenye harufu akafuata. Harufu ya majani makavu, ngozi na jasho la mnyama. Foleni ikajikunja pembeni kama pazia.

"Kaka, umelala wapi wewe?" aliuliza mama mmoja, mtandio puani.

"Nimelala kwangu, mama. Mwenzangu ndiye haogi miguu."

Watu wakacheka, wakampisha. Mwanamume mrefu, shati la kaki limefifia mabegani, viatu vya buti vyenye matope yaliyokauka. Aliweka simu yake kauntani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Dada, nasikia unaandika lugha ya wageni."

"Naandika. Barua ya kazi?"

"Ya farasi."

"Farasi anatafuta kazi?"

"Kazi anayo. Anatafuta mwenzake."

Bi Nakala alichomoa kalamu kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kutabasamu bila kulipwa.

Basi akaelezwa. Bwana huyu alikuwa akiwapandisha watoto farasi kwenye bustani ya mji, siku zote akiwa na farasi mmoja jike, mweupe kama unga, aliyemwita Bibi. Bibi alikuwa na miaka ishirini na minne, na siku hizi alikuwa hali mpaka mtu asimame karibu yake. Farasi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake, upweke humla yeye kabla yeye hajala majani. Farasi mkubwa wa kununua hapo mjini hakumudu. Lakini ng'ambo, baridi ikikaribia, wafugaji huwauza watoto wa farasi kwa bei nafuu ili wasilishe midomo mingi, na matangazo yao yamejaa mtandaoni.

"Picha naziona," alisema. "Maneno ndiyo yananipita."

Wakaanza hivyo. Kila jioni duka likipungua watu, Kwato, maana ndivyo Bi Nakala alivyombatiza, alivuta kigoda karibu na kompyuta wakapekua matangazo. Huyu mguu umepinda. Huyu bei yake kama mahari. Huyu picha ni ya kalenda. Na usiku ukiingia, simu ya Bi Nakala ililia.

"Kuna jipya, mpenzi?"

"Umeondoka hapa robo saa iliyopita."

"Robo saa ni ndefu. Mtoto wa farasi husimama na kutembea ndani yake."

"Basi simama utembee, mimi nioshe vyombo."

Vyombo vyenyewe vilikuwa sahani moja na kikombe kimoja. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la rangi, na kwa miaka mitano hakuna aliyepanda ngazi zile ila yeye na msoma mita. Mwisho wa mwezi alinunua kikombe cha pili, cha buluu, akakiweka rafuni bila kukiosha. Hakujiuliza kwa nini. Alijua kwa nini.

Jumapili moja alikwenda bandani, gauni la maua limemkaa vizuri hadi akaogopa kuketi. Bibi alimpumulia begani pumzi ya joto yenye harufu ya majani. Kwato alikuwa akimchana singa za shingoni.

"Kitendawili," alisema bila kugeuka.

"Tega."

"Kazaliwa mweusi, kazeeka mweupe, na chokaa hajapakwa."

"Nywele."

"Siyo."

"Mkaa, ukawa jivu."

"Unasogea, lakini siyo. Nipe mji nikuambie."

"Sikupi. Mimi miji yangu siigawi ovyo."

"Utahangaika, laazizi."

"Nihangaike. Nitakipata mwenyewe."

Farasi akakoroma mgongoni kwa Bi Nakala, na wote wawili wakacheka. Jibu lilikuwa limesimama pale pale, na mkia wake.

Wiki iliyofuata wakampata waliyemtaka. *Jike, miezi mitano, mweusi, mpole, bei ya kuelewana.* Macho makubwa, miguu kama ya mgeni anayeogopa kukanyaga zulia. Bi Nakala akaandika, muuzaji akajibu, wakakubaliana: akishaachishwa ziwa, miezi miwili ijayo, atapakiwa. Kwato alinunua kipande cha ngozi nyekundu, akaanza kushona hatamu ndogo kwa mkono wake.

Siku za kupakiwa zilipokaribia, mama yake Kwato akaugua. Kwato akampa jirani funguo za banda, akaenda kwao, kwenye bonde ambako simu ni saa ya kuangalia wakati tu.

Siku ya tatu barua ya muuzaji ikaingia. Gari la kubeba wanyama kwenda bandarini linaondoka kesho mchana. Athibitishe kabla ya hapo, na picha mpya hii hapa. Bi Nakala akaifungua. Farasi wa picha ile hakuwa mweusi. Usoni alikuwa na mvi, kuzunguka macho weupe umemtapakaa kama aliyechungulia pipa la unga, na ubavuni madoa ya kijivu.

Mwanamke huyu picha zilikuwa zimeshamchezea. Miaka ya nyuma aliandikiana mwaka mzima na kijana wa kwenye simu, meno meupe, mabega mapana. Siku ya kuonana, kwenye ngazi za posta, alikuja mzee mwenye kibiongo, akamwambia, "Picha ilikuwa ya zamani kidogo." Tangu siku hiyo hakuamini picha, na kila mteja aliyekuja na tangazo alimwonya: huko watu hubadilisha mali.

Akampigia Kwato mara kumi na moja. Mara kumi na moja sauti ya kike ikamwambia mtu huyo hapatikani. Kesho yake saa tano asubuhi, akiwa na uhakika kwamba anamwokoa ampendaye, aliandika: *Huyu si farasi tuliyeonyeshwa. Simtaki.* Chini akaweka jina la Kwato, kama alivyoweka siku zote.

Jibu lilikuja kabla ya saa sita. Muuzaji alishukuru kwa kuambiwa mapema. Mtoto alikuwa ameshapata mtu mwingine.

Kwato alirudi na hatamu imekamilika, imeviringishwa ndani ya leso. Aliiweka kauntani. Bi Nakala akamsimulia yote kwa fahari kidogo, akamwonyesha picha.

Mwanamume aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema.

"Siye, Kwato. Tazama uso."

"Farasi wa kijivu huzaliwa mweusi. Manyoya ya utoto yakipukutika, weupe huanzia machoni. Akizeeka anakuwa kama Bibi. Ule ndio ulikuwa mwanzo wa weupe." Alizungumza taratibu, na utaratibu ule ulichoma kuliko kelele. "Nilikutegea kabisa. Ungenipa mji tu."

"Nilikupigia. Mara kumi na moja."

"Ungesubiri ya kumi na mbili."

"Gari lilikuwa linaondoka!"

"Basi lingeondoka naye. Umeandika simtaki. Kwa jina langu mimi. Mimi ambaye nimeota yule mtoto kila siku."

Akatoka. Hatamu aliiacha pale pale. Mteja aliyekuwa nyuma yake akasogea, akasema anataka nakala sita, pande zote mbili.

Simu ya Bi Nakala ikawa hailii usiku. Alimpigia, haikupokelewa, akamwandikia, hakujibu. Mwezi ukaisha, wa pili, wa nne. Bi Nakala alifunga duka jioni, akapanda ngazi akizihesabu, kumi na tisa, akaketi kitandani na kusikia watu wa chini wakikoroga rangi. Hatamu aliitundika msumarini juu ya kikombe cha buluu. Kuna upweke wa mtu ambaye hajapata kuwa na mwenzake, huo hubebeka. Ule wa aliyevuta kigoda cha pili halafu kikabaki kitupu, huo hauna mpini wa kuushikia.

Akawa anasoma matangazo. Si kwa ajili ya mtu. Mkono ulikwenda wenyewe. Alijifunza rangi za farasi, meno yao, umri wa kuachishwa ziwa. Yalipotokea mazuri aliyachapa, akayaweka kwenye bahasha. Hakumwandikia muuzaji hata mmoja.

Asubuhi moja foleni ikajikunja pembeni tena.

Kwato alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile lile. Alisubiri zamu yake kama wengine, nyuma ya mzee wa vyeti vya ardhi, na alipofika mbele hakujua mikono aiweke wapi.

"Bibi haji tena langoni," alisema. "Nalala naye bandani ili ale. Nilikwenda kwa yule mchapaji wa ng'ambo ya barabara, akaniandikia barua ya kuomba punda."

Bi Nakala hakucheka, ingawa ilibaki kidogo tu.

"Na mimi nilikosa," aliendelea. "Jambo la kuambiwa, nililifanya kitendawili. Halafu nikakasirika kwamba hukulijua."

"Na mimi nilikosa. Jambo nisilolijua, nilikataa kusema silijui." Akafungua droo. "Nakupa mji, Kwato. Miezi hii yote. Chukua."

Akatoa bahasha. Matangazo ishirini na moja, kila moja na maelezo pembeni kwa mwandiko wake. Kwato aliyapitia moja moja, na kwenye la tisa akasimama: jike, miezi sita, mweusi, na machoni weupe mdogo sana, ambao mtu asiyejua angeudhani ni mwanga wa kamera.

"Huyu umemwona?"

"Nimemwona. Atazeeka mweupe."

Kwato alivuta kigoda. Foleni ikaguna, mtu akasema wengine wana kazi. Bi Nakala akaanza kuchapa, haraka kama zamani, mpaka alipofika mahali pa sahihi. Vidole vikasimama.

"Jina la mnunuzi?" aliuliza, kana kwamba halijui.

"Weka mawili."

"Mawili ya nani?"

"Langu na la anayeandika. Ili siku nyingine ukiandika hatumtaki, iwe kweli hatumtaki wote."

Alichapa majina yote mawili, lile lake la kuzaliwa, ambalo Kwato alikuwa hajalisikia. Akalisoma kwa midomo kimya kimya. Kisha Bi Nakala, akiwa bado anatazama kioo cha kompyuta, akasema:

"Kitendawili."

"Tega."

"Kwangu kuna vikombe viwili, kimoja hakijapata kulowa."

Kwato aliwaza, buti zake zikisugua sakafu. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Nakupa mji."

"Mji sitaki," alisema Bi Nakala. "Leo jioni njoo ukakilowanishe."