Mpini wa Nyundo ya Falonne

Jioni hiyo Tata Modeste Kazadi alitoka kwenda kununua makala. Dimitri, mchonga ngoma wa Musonoi, alikuwa amemwagiza kisu kilichopinda, cha kukwangulia tumbo la ngoma kwa ndani, na moto wa kufulia chuma ulikuwa umebaki majivu.

"Tata Modeste, kila siku nusu gunia!" alimtania Mama Mignonne, muuza makala wa njia panda ya Kapata. "Unapika chuma ao unapika samaki ya makayabu?"

"Chuma, mama. Hauone vile nimekonda?"

Mama Mignonne alicheka. Kisha akakumbuka, akainamisha macho. Watu walikuwa wakimfanyia hivyo siku hizi. Walicheka naye kidogo, halafu walikumbuka.

Ilikuwa miezi mitatu tangu wamzike Falonne, binti yake wa pekee. Homa ya siku tatu, basi.

Zamani Modeste alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya madini. Kazi ya kampuni ilipokwisha, aligeukia kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya Kolwezi. Alitengeneza vyombo vya mkono vya watu wanaotengeneza ala za muziki: visu vya wachonga ngoma, patasi za watu wa gitaa, nyundo za watu wa likembe. Mteja akija, Modeste alimpa bonge la udongo na kumwambia alifumbate kama anavyofumbata akiwa kazini. Udongo ule ulikauka na kuwa kipimo, na mpini ulichongwa kwa kuufuata. Vipimo vyote alivipanga kwenye rafu, kila kimoja na jina lililokwaruzwa kwa msumari. Cha kwanza kabisa kilikuwa cha mkono wake mwenyewe, cha kujifunzia, kigumu kama jiwe.

Falonne alitengeneza likembe, ala ndogo ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Alikata spoku za baiskeli na kuzitandaza kwa nyundo mpaka zikawa ndimi nyembamba. Mapigo matatu ya haraka, halafu kimya, asikilize sauti. Tok, tok, tok... Tena. Baba yake hakuwa na sikio. Kwake ndimi zote zililia sawa, na Falonne alimcheka.

"Papa, unasikia kama kiti!"

Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda. Alipokuwa na miaka tisa alimshikia baba yake patasi, na nyundo ya baba ikateleza. Kidole kilipona vibaya. Falonne hakuwahi kumlaumu. Modeste alijilaumu kila siku. Ndiyo maana alimbunia nyundo ya peke yake. Kichwa alikifua kutoka vali ya lori, uso wake umebinuka kidogo kama kucha, usipasue ulimi wa likembe. Mpini ulikuwa wa mti mgumu wa mubanga, mfupi, wenye mfereji mdogo wa kulaza kidole kilichopinda. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu Falonne aliufumbata, akafumba macho, akasema, "Papa, huyu ni mukono wangu."

Siku ya mazishi, kabla ya jeneza kufungwa, Modeste aliiweka nyundo ile mkononi mwa binti yake. Mushiya, dada mdogo wa Modeste, alimshika kaka yake shati.

"Yaya, hapana. Mutu hazikwe na chombo. Ukimupa chombo, umemupa kazi."

"Ni mutoto wangu. Nimuache aende mikono mitupu?"

"Mikono mitupu, ndiyo. Apumuzike."

Modeste hakusikia. Wakapiga misumari.

Wiki ya pili sauti ilianza. Chini ya sakafu, mbali... tok, tok, tok. Kisha kimya. Majirani walisema ni wachimbaji wa madini, siku hizi wanatoboa mpaka chini ya nyumba za watu. Modeste aliitikia kwa kichwa. Lakini mchimbaji hupiga kwa mtarimbo, kwa nguvu, bila kusikiliza. Huyu wa chini alipiga kidogo, halafu akasikiliza.

Basi, jioni ile ya makala, alipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika safu nzima ya nyumba. Mbele ya mlango wa karakana, kwenye benchi, alikaa mwanamke.

Hakumfahamu. Kitambaa cheusi kichwani, mikono magotini. Pindo la kitenge chake lilikuwa limelowa matope. Ulikuwa mwezi wa nane, mvua haijaanguka tangu mwezi wa tano, na barabara yote ilikuwa vumbi la malori.

Na harufu... udongo mbichi. Chuma kilichopata moto.

"Karibu, mama," alisema Modeste. "Lakini kazi imefungwa."

"Bonsoir, Papa Falonne."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu mazishi. Gunia la makala lilimponyoka.

Mwanamke alifungua fundo la kitenge, akamnyooshea kitu kidogo. Modeste alikipokea. Kilikuwa kizito na cha baridi. Alikipapasa kwa kidole gumba, na kabla macho hayajaona, kidole kilijua. Msalaba mdogo. Alama aliyoigonga kwenye kila chombo chake.

Kichwa cha nyundo ya Falonne.

Kilikuwa kimelika hadi nusu. Modeste alijua chuma chake. Ili kulika namna ile kilihitaji miaka thelathini ya kazi. Si miezi mitatu.

"Umekitoa wapi?" aliuliza.

"Mupini umevunjika. Bananituma utengeneze mwingine."

"Nani anakutuma?"

"Bale bachimbaji banabaki chini," alisema mwanamke polepole. "Mashimo inabafunika. Hakuna matanga, hakuna wimbo. Basi banaomba likembe, bajiimbie bo benyewe. Na kila juma bengine banaingia."

"Na mutoto wangu? Yeye hakufa mu shimo! Anatafuta nini kule?"

"Balitafuta fundi siku mingi. Bote balikuya mikono mitupu." Mwanamke aliinua uso. "Yeye alikuya na chombo."

Modeste alitega sikio. Hapo ndipo alipogundua kwamba chini ya sakafu, jioni ile, kulikuwa kimya.

"Na kama sitengenezi?"

"Basi atapiga na vidole."

Aliingia ndani, akawasha mshumaa. Alinyoosha mkono kwenye rafu, kwenye kipimo cha Falonne, kilichokuwa kikavu tangu miaka miwili iliyopita.

Kilikuwa kimelowa.

Laini, kama kimefumbatwa sasa hivi. Alama ya kidole kilichopinda ilikuwa imezama zaidi ya zamani, kama ya mtu aliyeshika kwa nguvu, aliyechoka, asiyeruhusiwa kuachia.

Modeste alipiga magoti. Salamu Maria, umejaa neema... Alisali fungu zima la rozari. Alipomaliza machozi yalikuwa bado yanashuka. Alikirudisha kipimo cha binti yake mahali pake. Akashusha kingine, kile cha kwanza, kigumu kama jiwe.

Alichonga mubanga kwa kukifuata hicho. Mpini mnene, mrefu, bila mfereji, na juu yake akapachika kile kichwa kilicholika. Huko nje mwanamke hakukohoa wala kusogea.

Alipompa, mwanamke aliupima kiganjani.

"Huyu haina mukono wake."

"Ni mukono wa mwenye kosa," alisema Modeste. "Mimi njo niliweka chombo mule. Kazi ni yangu. Yeye apumuzike."

Mwanamke alimtazama. Usoni mwake hapakuwa na hasira, wala huruma.

"Kesho utajua kama bamekubali."

Alishika njia ya makaburi. Modeste hakusikia ndala zake. Alipogusa benchi, mbao zilikuwa zimelowa chapachapa.

Asubuhi aliamka mabega yakimuuma, viganja vimechubuka, vumbi jeusi la chuma limejaa kwenye kucha. Alikimbilia rafu. Kipimo cha Falonne kilikuwa kikavu, cheupe, chenye ufa.

Kipimo chake mwenyewe kilikuwa udongo mbichi.

Alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, mpaka Mushiya, aliyekuwa amehamia kumtunza, akaja mbio akidhani kaka yake amepata wazimu.

Godefroid, katekista wa parokia, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mambo ya akili. Wachimbaji wanafika mpaka makaburini, tata. Mwizi alitoa kile chuma akakuuzia hofu. Na udongo umelowa kwa sababu paa linavuja.

"Mvua gani, katekista?"

Godefroid alitazama dari.  Na walipozungumza juu ya kulifungua kaburi, wote wawili walikuta hawataki.

Tangu hapo Modeste analala kama gogo na kuamka amechoka. Mushiya ndiye anayesikia. "Yaya, jana balipiga tena kule chini," anamwambia, akimpakulia bukari, ugali wa kwao. "Lakini sasa ni polepole. Kama muzee." Modeste anakula, na moyoni anafurahi, kwa sababu si mapigo matatu ya haraka.

Mwezi mmoja ulipita hivyo.

Halafu, Jumapili moja kabla ya misa, aliona kitu kwenye kipimo chake. Pale kidole chake kidogo kilipolala, juu ya alama yake, palikuwa na alama nyingine. Ndogo. Nyembamba.

Imepinda.

Aliitazama mpaka kengele ya pili ikapigwa. Labda Falonne alikuja kumsalimia tu, mara moja, akaondoka. Labda hakuwahi kuachiliwa. Labda yuko pale ubavuni mwake kila usiku, anamwongoza mkono, kwa sababu baba anasikia kama kiti na ndimi hazijawahi kulia vizuri bila yeye. Modeste hajui. Asubuhi anakumbuka uchovu tu.

"Siku yangu ikifika," alimwambia Mushiya siku hiyo, "uniweke mikono mitupu. Ata rozari, utoe."

Mushiya alilia. Aliahidi.

Lakini kuna jambo ambalo Modeste hajamwambia, wala Godefroid, wala padri kwenye kitubio. Ile alama ndogo, akiiacha kwenye hewa, itakauka. Itapata ufa. Anaamini kwamba siku itakapokauka Falonne atapumzika kabisa, na anajua ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kila asubuhi analowesha kitambaa, anakikamua taratibu, na kukifunika kile kipimo.