Oili Nyeusi Ilinifanya Nimwite Mwizi Mtu Asiye na Kosa

Wasomaji wenzangu, mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, mkazi wa Ujiji, mjane mwenye wajukuu kumi na mmoja. Shule niliishia darasa la tatu. Haya ninayoandika sijawasimulia hata wanangu, kwa aibu... lakini leo nayatoa yote.

Kazi iliyonilea ni mawese. Pale soko la Mwanga wanawake walikuwa wananiita niwapimie madumu yao kabla hawajanunua. Nachovya kidole, nasugua, nasema: haya yametiwa maji, haya yameungua. Sikukosea! Mawese mazuri ni mazito, yanashika kidole. Yakiwa mepesi umepunjwa. Yakiwa meusi yameunguzwa, usiyaguse. Basi nikajiona profesa wa kila kitu kiitwacho mafuta.

Miguu ilipochoka niliuza shamba langu la michikichi kule Ilagala, nikanunua kigari kidogo cheupe. Mjukuu wangu Hamisi, mtu mzima mwenye mke, akawa anafanya nacho teksi. Mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kuwa na gari! Nilikuwa nakaa kiti cha mbele nimeinua shingo kama twiga.

Ilikuwa ile miaka Warundi walipoanza tena kuvuka kuja kwetu, kambi zikafurika. Anaklet alikuwa mmoja wao. Kwao alikuwa fundi wa magari. Alitoka kambini bila kibali, akapata kibarua kwenye gereji moja Gungu, na mimi nikampa chumba uani kwangu, yeye na mkewe Goreti aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Mtu akiniuliza, nilikuwa namjibu bila kupepesa macho: "Huyu ni Muha wa Manyovu, mtoto wa rafiki yangu." Nani angebisha? Kirundi na Kiha vinaelewana, na mimi nikisema kitu Ujiji, kimesemwa.

Goreti alikuwa ananiteka maji, ananipikia maharage ya kwao. Anaklet ndiye aliyekuwa anahudumia gari. Kila akimwaga oili ya zamani aliweka mpya, nyepesi, yenye namba ndogo kwenye kopo. Alinionyesha maandishi kwenye kifuniko cha injini: "Bibi, gari lenyewe limeandika linakunywa nini. Tusilibishie."

Sikubisha. Mpaka siku ile...

Alikuwa amebadilisha oili hazijapita hata wiki tatu. Nikamwambia Hamisi achomoe kile kijiti cha kupimia, nami nione. Nikachovya kidole kama nilivyozoea. Nikasugua. Mungu wangu! Nyeusi kama masizi! Nyepesi kama maji ya chai! Kichwani kwangu jambo likawa wazi kabisa: huyu kijana kauza oili yangu nzuri, akanitilia makapi ya gari la mtu mwingine.

Hamisi aliniambia, "Bibi, tumuulize kwanza." Nikamwambia anyamaze.

Tulikwenda gereji saa nne asubuhi, mafundi wote wapo. Sikusubiri hata salamu.

"Wewe Anaklet, mwizi! Oili yangu umemuuzia nani? Hiki kidole kina nini?"

Akakitazama, akatabasamu. "Ni oili, Bibi. Ikiwa nyeusi ndiyo inafanya kazi, inaosha injini."

"Unanifundisha mafuta, mimi? Nimeanza kukamua mawese mama yako hajaolewa!"

"Ego, ndiyo Bibi, najua," akasema kwa upole. "Lakini injini si sufuria."

Wale mafundi wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Profesa wa mawese leo kapatikana!" Mwingine akasema, "Bibi, ukimaliza hapo njoo unionjee na petroli!"

Kicheko kile... Wenzangu, kilinichoma kuliko moto. Mimi ninayeheshimiwa soko zima, nichekwe kwa ajili ya mkimbizi ninayemficha mwenyewe?

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa mtaa, na kwa mdomo huu huu nikasema: "Yule si Muha wa Manyovu. Ni mkimbizi hana kibali, tena ni mwizi." Hakuna aliyenilazimisha! Hakuna aliyeniuliza!

Siku ya tatu askari walikuja kuwachukua kuwarudisha kambini. Goreti alishika tumbo lake na sufuria moja. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikisubiri Anaklet anitukane ili roho yangu itulie. Hakunitukana. Alipokuwa anapanda gari lao aligeuka, akasema jambo moja tu:

"Bibi, nakuomba, usiweke oili nzito."

Nikatema mate chini.

Kesho yake nikaenda duka la spea. Nikaomba kugusa za kila aina, nikachagua nzito kuliko zote, inavutika kama asali. Muuzaji akaniambia hiyo ni ya mainjini makubwa, ya maboti na malori. Nikamwambia, "Basi hiyo ndiyo oili!" Hamisi alinisihi mpaka akakasirika. Nikamuuliza gari ni la nani. Akaitia.

Asubuhi gari likawa linaamka kwa shida, linagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Nikasema litazoea. Taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka, nikasema taa tu hiyo. Mwezi wa pili, kwenye kilima cha kwenda Gungu, likatoa mlio wa chuma, likazima na abiria ndani. Injini imenoki!

Fundi wa Mwanga aliyeifungua alikuwa mzee mwenzangu, hakuniogopa. Alisema kigari kile njia zake za oili ni nyembamba, na uji niliotia haukuwahi kufika juu, vyuma vikasagana vikavu. Nikamuuliza, na ile nyeusi nyepesi ya zamani? Akanitazama. "Mama, ukifua nguo chafu maji yanabaki meupe? Ile ilikuwa inatoa uchafu. Aliyekuwa analihudumia gari hili ni fundi hasa. Yuko wapi?"

Yuko wapi!

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Mwisho nikafunga safari kwenda kambini. Nilimkuta nje ya hema anaziba pancha ya baiskeli. Akasimama, akanipisha kigoda chake. "Shikamoo, Bibi." Goreti alinitazama mara moja, akambeba mtoto wake mchanga, akaingia ndani. Hakutoka tena.

"Gari halijambo?" Anaklet akauliza.

Nikamwambia lilivyokufa. Akafumba macho kama aliyepewa habari ya msiba. Ndipo nikapiga magoti mavumbini, nikaomba msamaha. Akaninyanyua.

"Mimi nimekusamehe. Kambi nimeizoea. Lakini kule Gungu nimebaki mwizi, Bibi. Hilo nani atalifuta?"

Nilirudi. Nikaenda gereji ileile, mafundi wote wapo, nikasema kwa sauti kwamba Anaklet hakuiba hata tone, mwongo ni mimi. Nilitegemea wacheke tena. Hawakucheka. Yule aliyeniita profesa akainamisha kichwa: "Tulijua tangu siku ile, Bibi. Kucheka tulicheka, lakini kwenda kumtetea tuliogopa, wewe ni mkubwa wetu."

Nilipokwenda tena kambini kumpelekea habari hiyo, hema lao lilikuwa na watu wengine. Walijiandikisha kurudi Burundi, nikaambiwa. Wamefika? Wako hai? Mpaka leo sijui...

Ninyi wenye magari madogo, fuateni lilichoandikiwa gari, msifuate kidole. Na ninyi wakubwa wenzangu, nawasihi! Kujua kitu kimoja miaka hamsini hakukufanyi ujue kingine kilicho jirani yake. Uliza, na ukijibiwa, kubali, hata kama anayekujibu hana kibali wala kwao.

Anaklet, mwanangu, kama karatasi hii itafika huko uliko: nimelitaja jina lako mbele ya wote. Kule Gungu wewe si mwizi tena. Mwizi wa jina la mtu nilikuwa mimi.