Bahasha Iliyopita Siku Saba

Kilichomshtua kwanza ni stempu. Zilikuwa nne, zimebandikwa kwa ustadi, na hakuna hata moja iliyogongwa muhuri. Mwenye duka la fotokopi, ambaye mumewe alimwita Karatasi na jina likamganda, alikuwa ametuma na kupokea barua za ajabu kwa miaka tisa. Alijua watu wa posta husahau mengi, lakini kugonga muhuri hawasahau. Akaigeuza bahasha. Nyuma kulikuwa na majina ya watu arobaini, kila mmoja kwa mwandiko wake, na la kwanza kabisa lilikuwa la mumewe.

Mumewe alikuwa fundi redio. Alikuwa amekufa miezi kumi na mmoja nyuma, mchana, alipojilaza kidogo kabla ya kumalizia redio ya mteja.

Wawili hao walikuwa na ugonjwa mmoja. Makaratasi yaliyoharibika dukani waliyageuza kijarida: kurasa kumi na sita za picha za kukatakata na gundi, pini mbili za stepla mgongoni, nakala thelathini basi. Zilisafiri kwa posta hadi kwa watu wasiowajua hata sura, nao wakajibu kwa bahasha zilizopakwa rangi, vifungo vya mashati, tiketi kuukuu, na kaseti za muziki wa makelele. Ndiyo, makelele: feni mbovu, msumeno, redio iliyokosa stesheni. Majirani walisema wamerogwa. Fundi alicheka tu. "Wimbo mzuri haukosi wa kuupenda," alisema. "Makelele ndiyo yatima."

Bahasha hii aliianzisha yeye, na masharti aliyaandika kwa mkono wake: *Toa kimoja, weka kimoja chako, ipitishe kabla ya siku saba. Kaseti ikijaa, rekodi juu ya ulichokikuta.* Ilipita mikono ya watu arobaini, yeye akiwa wa kwanza, na wote arobaini waliipitisha.

Akaitoa kaseti iliyokuwa ndani, akaitia kwenye redio ya dukani. Ikaja feni. Ikaja cherehani, kisha mtu akivunja chupa. Halafu, mwishoni, pumzi, kikohozi kifupi alichokijua kuliko jina lake, na sauti.

"Karatasi."

Fundi hakuwahi kujirekodi akiongea. Kwake maneno yalikuwa yanaharibu makelele. Alichoacha ni "moja, mbili" tu za kupimia kipaza sauti mwanzoni mwa kanda zake. Mtu mwenye moyo mzima angejiuliza neno hili limetoka wapi. Yeye hakuwa na moyo mzima. Alirudisha kanda nyuma akasikiliza tena, na tena, huku machozi yakimtiririka, hadi mteja aliyeleta cheti cha kunakili akaondoka kimyakimya.

Siku ya saba ikafika, ikapita. Siku ya nane neno lilikuwa limezaa sentensi: "Karatasi, umekula?" Siku ya kumi sauti ilikuwa inacheka. Duka likaanza kunuka risasi iliyoyeyushwa, ile ya kuungia nyaya, harufu ya mashati yote ya Fundi. Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, umeme ulikatika mtaa mzima, feni ikasimama, mashine zikanyamaza, na redio, ambayo haikuwa na betri hata moja, ikaendelea kuzungusha kanda yake taratibu na kumwita. Alijua si kitu cha heri. Alivuta kiti akakaa karibu zaidi.

Jioni hiyo, nyumbani, alimkuta mama mkwe wake, aliyeishi naye, sebuleni, ameshika picha ya Fundi.

"Huyu kijana ni nani, mwanangu?"

"Mama, ni mwanao."

"Nilizaa mimi?" Bibi alimtazama kwa hofu. "Basi mbona simsikii? Alikuwa anacheka vipi?"

Akakimbilia sanduku la kanda za Fundi. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tano. "Moja, mbili" hazikuwepo. Kulikuwa na mchakacho mtupu, kama mchanga kwenye bati. Hapo ndipo alipoelewa yale aliyokuwa akiyapata dukani yalikuwa yanachotwa kutoka kwa nani. Na kesho yake, Mungu amsamehe, alifungua duka akasikiliza tena.

Aliyemwokoa ni shangazi wa Fundi, mwanamke mnene aliyezoeana na majini kama mwenye nyumba na wapangaji wakorofi. Mama mkwe alipomuuliza wifi yake huyo kwa simu kama yeye, mama mkwe, aliwahi kuzaa mtoto, shangazi alivaa viatu akaja. Alipofika mlangoni mwa duka alinusa, akanong'ona.

"Tangu lini?"

"Siku kumi na mbili."

"Na masharti yalisema?"

"Saba."

"Umemfungulia mlango, ukampa na kiti. Huyu hana sauti yake, mwanangu. Anaokota kwa waliompenda marehemu, anakulisha wewe ili usimwachie. Akimmaliza mama yake, utabaki wewe."

"Nimpitishie nani? Niliyepanga kumtumia ana watoto."

"Usimtwishe mtu mzigo wako. Mrudishe kwa wa kwanza kwenye orodha."

Wa kwanza alikuwa makaburini. Wote wawili walilijua hilo.

"Lakini masharti ni masharti," shangazi alisema. "Uweke kimoja chako."

Kaseti ilikuwa imejaa pande zote mbili. Kuweka ni kufuta.

"Shangazi, ndiyo sauti yake."

"Ndiyo. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."

Shangazi alifukiza ubani. Karatasi aliweka kipaza sauti juu ya mashine ya fotokopi, akaiamuru itoe nakala thelathini za kioo kitupu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Na kabla mashine haijavuta karatasi ya kwanza sauti ilikuwa imeshatoka, si kwenye redio tena bali ukutani, kwenye droo, chini ya kiti alichokalia siku zote zile, ikisema usinifute, Karatasi, nimetoka mbali, nimepita mikono arobaini kukufikia wewe, huku jua likiwaka nje na watu wakipita na mikate yao kana kwamba hakuna kitu, na karatasi ya kwanza ikatoka na picha ya mdomo uliofunguka, ya pili mdomo uleule, ya kumi mdomo ukilia, ya ishirini kivuli cha mdomo, na yeye akishikilia kile kitufe kwa vidole viwili na kulia kwa sauti, "Nenda, mume wangu, nenda," ingawa alijua anayemwambia si mume wake.

Karatasi ya thelathini ilitoka nyeupe.

Waliifukia bahasha, kaseti ikiwa ndani, ubavuni mwa kaburi la Fundi kabla ya jua kuchwa. Shangazi aliikung'uta mikono, akalalamikia magoti yake, akaenda zake.

Nyumbani, kicheko cha bibi kilimpokea mlangoni. Picha ilikuwa imepakatwa.

"Njoo, mwanangu! Unakumbuka alivyokuwa akipiga masufuria yangu, eti anarekodi? Na ile sauti yake, akinidanganya hakuvunja kifuniko!"

Alishukuru Mungu, akakaa sakafuni miguuni pa bibi, akamtafuta Fundi kichwani mwake. Alimpata. Uso ulikuwepo, na vidole vyenye makovu ya moto wa kuunganisha nyaya, na midomo inayotamka jina lake. Midomo ilitikisika, hakikutoka kitu. Alijaribu tena, polepole, akianzia siku ya harusi. Hakikutoka kitu. Alikuwa amedhani kimoja chake alichoweka ni makelele ya ile mashine, kumbe ni sauti ya Fundi aliyokuwa nayo kichwani.

"Mama," alisema, "nionyeshe. Alikuwa anacheka vipi?"

Bibi akacheka kama mwanawe alivyocheka. Yeye akasikiliza kwa makini, kama mtu anayekisikia kitu kwa mara ya kwanza, kisha akamwomba arudie.