Mkia Mmoja au Miwili?

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi, Solveig Tveit alikuwa na kazi moja jikoni: kupima kwa rula miche ishirini na minne ya nyanya iliyopangwa dirishani. Nje theluji ilikuwa bado inafika magotini. Miche kumi na miwili ilinyweshwa maji matupu, na kumi na miwili ilinyweshwa kahawa iliyobaki kwenye birika la Babu Arvid, ikishapoa.

"Pima tu, mjukuu wangu," Babu alisema. "Miaka arobaini nyanya zangu zinakunywa kahawa. Nimeshawatambia wazee wote kanisani kwamba safari hii utawafumba midomo."

Maskini Babu! Tangu apasuliwe goti alikuwa hatoki sana, na maonyesho ya sayansi ya shule, ambako Solveig angeonyesha jaribio lake, ndiyo yaliyompa la kusema. Solveig alimpenda mno, hakutaka aaibike mbele ya wenzake.

Jumatano, katika chumba cha kompyuta, aliingiza vipimo vyake kwenye lahajedwali, lile jedwali la kompyuta linalopiga hesabu lenyewe. Miche ya kahawa ilikuwa mirefu kidogo. Je, ilikuwa kahawa kweli, au bahati tu? Mwalimu Pelletier alikuwa amewaeleza kwamba jaribio la takwimu likitoa namba iliyo chini ya 0.05, basi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa hivyo mara chache mno, hazifiki tano katika mia.

Lahajedwali likauliza: mikia mingapi? Yaani, jaribio litazame tofauti ya upande mmoja tu, au ya pande zote mbili? Akaandika 2, kama walivyofundishwa. Ikatoka 0.08.

"Ala! Nimekwisha," Solveig alisema.

"Andika 1," alinong'ona rafiki yake Marisol kutoka kiti cha pili. "Namba inakatika nusu. Dada yangu alifanya hivyohivyo."

"Si kudanganya huko?"

"Kudanganya wapi? Kompyuta yenyewe inakuruhusu. Acha ushamba, wewe!"

Akaandika 1. Ikatoka 0.04. Marisol akampigia makofi, na Solveig akacheka.

Alipokuwa nyumbani akibandika karatasi zake kwenye ubao wa maonyesho, alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari la jaribio. Tarehe tatu Februari, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno haya: "Sijui kama kahawa itaikuza miche au itaiua."

Hapo ndipo alipokumbuka somo. Mikia miwili ni ya mtu asiyejua tofauti itaangukia upande gani. Mkia mmoja ni wa aliyetangaza upande wake mapema, kabla hajapima. Yeye alikuwa ameuchagua baada ya kuona jibu.

Kesho yake alimfuata mwalimu na daftari mkononi. "Mwalimu, hii 0.04 si halali. Nilibadili mkia baada ya kuona 0.08."

Mwalimu Pelletier alisoma ukurasa ule polepole. "Sasa ubaoni utaandika nini?"

"Nane katika mia. Lakini Babu atachekwa!"

"Namba hiyo haimwiti babu yako mwongo, mwanangu. Inasema bado hatujui. Miche kumi na miwili kila upande ni michache."

Jumamosi Babu alikuja kwenye maonyesho akijikongoja na mkongojo. Alisoma ubao wote, mpaka mstari wa mwisho.

"Kumbe wazee hawajafumbwa midomo," alisema.

"Nisamehe, Babu." Solveig akamweleza habari ya mkia, machozi yakimlengalenga.

"Nikusamehe nini? Ungewafumba kwa uongo, mimi ndiye ningekwenda kuutangaza kanisani!" Babu akamshika bega. "Njia ya mwongo ni fupi. Namba ya kweli inaweza kukuudhi, lakini inakuonyesha kazi iliyobaki. Ya kughushi inakufanya uache kutafuta. Haya niambie, dirisha la sebuleni linachukua miche mingapi?"

"Labda sitini."

"Mama yangu! Basi nitahitaji birika kubwa zaidi."

Solveig alipata utepe wa mshindi wa tatu. Jumatatu, kabla mbegu hata moja haijaingia udongoni, aliandika kwenye ukurasa mpya: "Mikia miwili." Babu akavaa miwani, akatia sahihi chini yake kama shahidi.