Chumba cha Usagara

Soko la Ngamiani lilifurika asubuhi ile ya mwaka 1956, na Mwanasiti, mshonaji, buibui likimteleza begani, alihangaika katikati ya watu huku amekumbatia cherehani kilichogoma kushona. Sadalla, fundi baiskeli mwenye shati la kaki lililolowa grisi, alimwita akae. Alikifungua, akakisafisha, akakirudisha kikizunguka vizuri.

"Kiasi gani, kaka?"

"Hapana kitu, dada. Ukipata nafasi, mshonee asiyenacho."

"Basi wewe wala nini, upepo?"

"Nala wali wa watu kila siku. Huoni nilivyonenepa?"

Alikuwa mwembamba kama spoku ya baiskeli. Mwanasiti akacheka hadi akasahau kuaga.

Sadalla aliacha kazi bandarini kwa kuchoka kuamrishwa na nyapara. Aliamini kazi ifanywe kwa hiari na kitu kitolewe bila faida, kama bibi yake Mbondei na jirani zake walivyolimiana kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira. Aliyetengenezewa baiskeli alileta muhogo au samaki akipenda; asipoleta, hakuulizwa. Mjini walimwona punguani. Mwanasiti alimpenda kwa hilohilo, naye Sadalla akampenda kufa.

Wakachumbiana. Rafiki za Sadalla wakawajengea chumba mtaani Usagara bila malipo, na Mwanasiti akashona godoro la sufi kwa mikono yake, akatarizi na foronya.

"Tia jina langu hapo, laazizi," Sadalla alimtania.

"Hilo nalo hujaligawa bado?"

Wiki ya harusi mvua ilinyesha mfululizo. Mwanasiti alikwenda kufagia chumba, akamkuta mwanamke amelala kitandani na mtoto mchanga. Alikuwa Benedikta, mke wa mkata mkonge aliyefukuzwa shambani kwa sababu ya ugonjwa. Alisema Sadalla ndiye aliyewapa chumba. Mtoto alikuwa akitetemeka. Mwanasiti akavua kanga yake, akamfunika, kisha akaenda kumtafuta mchumba wake.

"Umewapa chumba chetu."

"Walikuwa wamelala barazani kwa watu, mpenzi, na mvua yote ile. Nitakujengea kingine."

"Ungeniuliza, ningewapa mwenyewe."

"Basi tumekubaliana."

"Hatujakubaliana. Mimi sikutoa, Sadalla, nimenyang'anywa. Hata nyapara wako hakuwa akiuliza mtu."

Neno hilo lilimchoma. Alikaa chini.

"Na kesho akija mwingine?" Mwanasiti aliuliza.

"Nitampa."

"Utaniuliza kwanza?"

Sadalla alijijua. Mtu akilia mlangoni, asingekumbuka kuuliza mtu yeyote. Alitamani kusema ndiyo, akashindwa, machozi yakamtoka. Mwanasiti alizidi kumpenda kwa kutomdanganya, na alijua vilevile kwamba hawezi kuishi naye.

Harusi ikavunjika. Siku Mwanasiti alipohamia kwa shangazi yake Pangani, alipita kwanza Usagara, macho yamemvimba. Benedikta alipomwona, akaanza kukusanya vitu vyake kwa hofu.

"Kaa, dada," Mwanasiti alimwambia. "Chumba hiki na godoro hili, leo nakupa mimi."

Akarudishia mlango taratibu, akaenda kupanda basi.