Betri Kati ya Midomo

Fundi saa alikuwa na mazoea mabaya. Akifungua saa ya mteja, betri yake ndogo huibana kwa midomo ili mikono ipate nafasi. Mkewe alimkataza mpaka akachoka.

"Niache, mama watoto," fundi alimjibu. "Kazi hii nimeianza kabla sijakuoa."

Asubuhi moja binti yao mdogo alikuwa akicheza kando ya meza ya kazi. Akaokota betri kuukuu, akaibana kwa midomo kama baba yake. Mara akakohoa. Mate yakamtiririka, akashika kifua. Betri haikuonekana tena.

Mama alitoka ndani mbio. Akamkuta fundi ameshika kipande cha mkate.

"Ale huu," fundi alisema. "Itashuka, atainya."

"Usimpe kitu!" Aliyefoka alikuwa jirani yao muuguzi, aliyekuja kuchukua saa yake. "Hata maji! Wala usimtapishe. Betri ikikwama kwenye njia ya chakula, inaunguza nyama. Ndani ya saa mbili inaweza kutoboa. Hospitali, sasa hivi!"

"Lakini ile imekwisha nguvu."

"Imekwisha kwa saa, baba. Kwa koo la mtoto bado ina nguvu tele."

Mama alimnyakua mtoto. "Nilisema! Nilisema mpaka mate yakanikauka! Sikio la kufa..." Methali hakuimalizia. Mtoto alikuwa mikononi mwake.

Hospitalini, karani aliwaonyesha foleni.

"Foleni gani?" mama alifoka. "Mtoto amemeza betri!"

Foleni ikawapisha. Picha ya eksirei ilionyesha duara jeupe limekwama kifuani.

"Hatutampasua," daktari alieleza. "Tutamlaza kwa dawa ya usingizi. Tutapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, tuione betri, tuinase, tuivute."

Betri ilitoka ikiwa nyeusi.

"Pameanza kuungua, lakini patapona," daktari alisema. "Mngengoja jioni, tungezungumza mengine."

Fundi aliinama. Mama hakumwambia pole.

Siku hizi betri zote, mpya na kuukuu, hukaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, juu ya kabati. Lakini mazoea yana taabu. Juzi fundi alijisahau, akapeleka betri mdomoni.

"Baba!" mtoto alipaza sauti, ambayo bado inakwaruza.

Fundi akaganda, kisha akainuka kufuata kopo. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono mpaka aliposikia kifuniko kikikazwa.