Baiskeli ya Akiba

Alama ilikuwa imehama.

Kwa nusu ya upana wa ukucha tu, lakini ilikuwa imehama. Kila skrubu aliyoikaza, Spana, kama timu ilivyomwita, aliichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni. Skrubu ikilegezwa, mstari unakatika. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa baiskeli za mashindano wanaopenda kulala usingizi. Na msimu huu mzima, nchi kumi na moja, mbio thelathini na nne, hakuna mstari wake uliowahi kukatika wenyewe.

Alichukua spana ya L, akalegeza usukani, akauvuta juu.

Shina la uma, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, lilikuwa limekatwa kwa msumeno mwembamba. Robo tatu ya mzunguko.

Kwenye tambarare kipande kilichobaki kingeshika. Kwenye mteremko, kwa kasi ya kilomita tisini kwa saa, breki ya kwanza ya nguvu ingekivunja, na mwenye baiskeli angeipiga lami kwa uso. Ilikuwa baiskeli ya akiba, ile ambayo hukaa juu ya gari ikingoja mtu apate pancha.

Ilikuwa ya Punda.

Spana alirudisha usukani kama alivyoukuta. Akatoka nje ya karakana, akasimama nyuma ya lori la timu, akatoa simu ya pili. Kwa timu alikuwa fundi, mwanamke mkimya mwenye mikono ya grisi. Kwa mtu mmoja tu aliyeipokea simu hiyo, alikuwa jasusi mwenye bastola ya Beretta chini ya aproni.

"Sema," Mkuu alisema.

"Wanakabidhiana leo. Juu ya mlima. Punda anasingizia pancha, baiskeli yake inachukuliwa na lile gari la manjano linalosaidia timu zote. Mnunuzi ni fundi wa gari hilo. Unga wa sumu umo ndani ya bomba la kiti."

"Una hakika?"

"Baiskeli zangu zote zina kilo sita nukta nane. Yake imezidi gramu mia mbili tangu jana."

"Safi sana."

"Si safi, Mkuu. Baiskeli atakayopewa Punda imekatwa uma. Kocha anataka afe akishuka, asije akasema."

"Usiiguse."

"Nina uma mwingine hapa. Dakika ishirini tu."

"Kocha akigundua umeigusa, hakuna makabidhiano. Unga unarudi mafichoni, na mwakani unamwagwa kwenye tangi la maji la mji fulani. Unataka kuokota maiti za watoto? Mnunuzi akishakamatwa utapata ujumbe. Kabla ya hapo wewe ni fundi tu."

"Na Punda?"

"Punda afe, mzigo ufike."

Simu ikakatwa. Mkuu alikuwa mtu wa methali. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Wanakuua, halafu wanakuachia na mawaidha.

"Dada!"

Punda mwenyewe, na vikombe viwili vya chai. Miaka thelathini na saba, mashavu yameingia ndani, miguu yote mishipa. Kazi yake kwa miaka kumi na minne ilikuwa kurudi nyuma kwenye gari, kujaza chupa nane za maji ndani ya fulana, na kupanda nazo mbele kwa wakubwa. Hakuwahi kushinda mbio hata moja. Alidhani kilichomo ndani ya baiskeli yake ni dawa za kuongeza nguvu, na dhambi hiyo aliikubali kwa ahadi ya mkataba wa mwaka mmoja zaidi.

"Leo ndiyo mwisho wa msimu," alisema. "Mke wangu anasema nirudi haraka. Wale mapacha wamenisahau. Wanaiita televisheni baba."

Spana alicheka. Mapacha aliwajua kwa majina, na tarehe waliyozaliwa, kwani msimu wote alikuwa akisikiliza habari zao huku akiosha minyororo.

"Wee Punda! Maji!"

Huyo alikuwa Mrithi, nyota wa timu, mtoto pekee wa Kocha. Miaka ishirini na miwili. Akishinda leo, kombe la msimu ni lake. Alirusha chupa tupu ikamgonga Punda kisogoni, na Punda akainama akaiokota, akaenda kuijaza.

Kocha alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mwanawe kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Hakubanduka tena karibu na baiskeli mpaka zikapandishwa juu ya gari.

Kilomita ya mia na thelathini na tisa.

Kocha alikuwa kwenye usukani, kitufe cha redio chini ya kidole gumba chake. Spana alikuwa kiti cha nyuma na magurudumu mapajani. Mbele, kwenye dashibodi, televisheni ndogo ilimwonyesha Mrithi akiwa peke yake mbele ya wote.

"Punda," Kocha alisema redioni. "Sasa."

"Nimepata pancha, Kocha."

"Pole. Tunakuja."

Gari la manjano lilikuwa limeshafika. Fundi wake, mwanamume mwenye glavu safi kupita kiasi, aliipokea baiskeli ya Punda, akaipandisha juu ya paa. Mbele ya kamera. Mbele ya pikipiki nne za polisi. Sekunde tisa.

Spana aliruka, akashusha baiskeli ya akiba, akamshikia. Kocha alikuwa akimtazama kwenye kioo.

Punda alipanda. Akapiga usukani kofi dogo, kama alivyozoea.

"Iko sawa, dada?"

Angeweza kusema hapana. Neno moja tu.

"Iko sawa. Nenda."

Alimsukuma mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, kama mafundi wanavyosukuma, na kupitia fulana alisikia mifupa ya uti wa mgongo. Alirudi ndani ya gari akijichukia waziwazi, bila kujitafutia sababu. Gari la manjano lilishika barabara ya pembeni. Wao walishika mteremko.

Dakika moja. Mbili.

Simu ilitetemeka. *Chai imeiva.*

Mnunuzi alikuwa ameshakamatwa.

Spana aliweka mdomo wa Beretta kwenye shingo ya Kocha.

"Mwambie Punda asimame."

Kocha hakugeuka. Spidi themanini. Kulia ukuta wa mlima, kushoto kiukuta cha mawe, kisha hewa tupu.

"Kumbe wewe," alisema. "Nilidhani ni yule mpishi."

"Mwambie."

"Piga basi. Twende bondeni sote. Kama mmeshamkamata yule, aliyebaki wa kunitaja ni Punda tu. Nimsimamishe ili nifungwe maisha? Bado kona tatu afike penye breki kali, binti. Vumilia."

Kukirukia kile kitufe ilikuwa sawa na kuurukia usukani. Bastola haimtishi mtu ambaye mikono yake imeshika roho zenu wawili. Spana aliitazama televisheni. Mrithi alikuwa amejilaza juu ya baiskeli, kidevu kwenye usukani, tisini na mbili kwa saa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alishusha bastola, akaegemea kiti.

"Haya. Acha afe mwanao."

"Unasemaje?"

"Uma uliokatwa niliuona saa moja asubuhi. Chini ya usukani, robo tatu, msumeno wa meno madogo. Nikauhamisha. Upo kwenye baiskeli ya Mrithi."

"Muongo."

"Wewe ulikuwa bado unavaa viatu. Mimi ni fundi, Kocha. Kubadilisha uma ni dakika ishirini. Nilijua ungeleta jeuri."

"Muongo wewe!"

"Kona mbili," Spana alisema. "Vumilia."

Kocha alivumilia kona moja. Kisha kidole gumba kikashuka.

"Mwanangu! Simama! Uma umekatwa! Simama sasa hivi, mwanangu, simama!"

Sauti hiyo iliingia kwenye masikio yote saba ya timu.

Punda hakujiuliza ilikuwa ya nani. Miaka kumi na minne alikuwa ametii kila amri, zake na zisizo zake. Alirudisha uzito nyuma, akaushikilia upande wa mlima, akabana breki ya nyuma kidogo kidogo kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Uma ulimvunjikia akiwa na mwendo wa miguu. Akaanguka mtaroni, mfupa wa bega ukakatika, akabaki amekaa, anapumua.

Mrithi hakuwahi kusikia baba yake akipiga kelele. Alishtuka katikati ya kona, akabana breki zote mbili kwa nguvu zake zote. Zilikuwa breki nzuri sana. Gurudumu la nyuma likainuka.

Televisheni ilionyesha kiukuta cha mawe na mtu. Kisha kiukuta cha mawe. Kisha wakaweka tangazo la magodoro.

Walipofika, daktari wa mbio alikuwa tayari chini bondeni, na alikuwa amekwisha kuvua glavu. Kocha alipiga magoti barabarani kando ya baiskeli iliyobaki juu. Polisi wawili walimfunga pingu, naye akawapa mikono bila kuwatazama.

"Ulimwekea," alisema. "Mtoto hakujua lolote. Hakujua chochote yule."

Spana aliibana baiskeli kwa magoti, akalegeza skrubu mbili, akavuta usukani. Akamgeuzia shina la uma alione. Lilikuwa zima, jeusi, halina hata mkwaruzo.

"Sikuigusa," alisema. "Ilikuwa nzima. Umemsimamisha wewe."

Kocha alilitazama lile shina. Alichotoa baada ya hapo hakikuwa maneno, na polisi mmoja, kijana mwenye pikipiki, alikwenda kusimama mbali.

Spana alivua aproni ya timu, akaitundika kwenye kiukuta, akapanda gari la mwisho, lile linaloifuata mbio kuwazoa walioshindwa. Ndani alikuwamo Punda, mkono umefungwa shingoni. Alipomwona, alisogea hadi dirishani. Kati yao kikabaki kiti kizima.

"Ulijua," Punda alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo, Spana angeshukuru.

"Majina ya wanangu unayajua," alisema, akageukia kioo.

Dereva, aliyekuwa hajui lolote, alipunguza sauti ya redio. "Ati, nani kashinda?"

"Sijaangalia," Spana alisema. "Nishushe hapo mbele."

Alishuka. Akakaza Beretta kiunoni, akaiweka fulana juu yake, akaushika mteremko kwa miguu.